Daftari 17 za Duka la Shule

Wazee walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Tangu darasa la nne nimeisikia methali hiyo, na kila mara mwalimu alitaka tuieleze kwa habari za watu wabishi. Mwaka huu nimeiona ikitimia ndani ya kompyuta moja ndogo iliyomo katika duka la shule yetu, pasipo ubishi wala kelele yo yote, na aliyeumia hakuwa nahodha, bali kijana asiye na kosa. Nahodha nilikuwa mimi. Kwa kuwa wengi shuleni bado wanaisimulia habari hii upande mmoja tu, nimemwomba Bwana Mhariri anipe nafasi niiseme kama ilivyokuwa, kisha nitoe maoni yangu juu ya programu za nyuzi nyingi, na juu ya neno moja nililolitamka mbele ya wakubwa ambalo hata leo najuta kulitamka.

Wasomaji walio nje ya shule hawalijui duka letu. Ni chumba kilicho kando ya bwalo, chenye madirisha mawili. Mwanafunzi huweka fedha kwa mhasibu siku ya kufungua shule, naye hupewa namba ya akaunti. Akitaka daftari, kalamu, sabuni au dawa ya meno husimama dirishani, hutaja namba yake, na bei hukatwa. Zamani mambo yote yaliandikwa katika kitabu kikubwa, na foleni ya mapumziko ilikuwa ndefu hata nusu ya watu walirudi darasani mikono mitupu. Ndipo Chama cha Kompyuta kikaombwa kutengeneza programu. Kazi hiyo nilipewa mimi, kwa sababu, nasema kweli, nilikuwa nimejisifu mno.

Kabla sijaendelea yafaa nieleze uzi ni nini. Programu ni orodha ya maagizo, na kompyuta huyafuata moja baada ya jingine, kama mtu asomaye kitabu huku kidole chake kikifuata mstari. Msomaji huyo pamoja na kidole chake ndiye anayeitwa uzi. Programu yenye uzi mmoja ina msomaji mmoja. Programu yenye nyuzi mbili ina wasomaji wawili wa kitabu kile kile, kila mmoja na kidole chake, wala hana habari mwenzake amefika ukurasa gani. Hapo hapana ubaya. Ubaya huja kwa sababu wote wawili huandika katika ubao mmoja, yaani kumbukumbu ya kompyuta, na kila mmoja hudhani ubao ni wake peke yake.

Mfano wake tunao jikoni. Mpishi wa kwanza huonja mchuzi, huona hauna chumvi, huenda ghalani kuileta. Kabla hajarudi, mpishi wa pili huonja, naye huona hauna chumvi, naye huenda. Kila mmoja alionja sawasawa, kila mmoja alitia kijiko kimoja kama ilivyompasa, na mchuzi hauliki. Waulizeni wote wawili, wataapa kwamba hawakukosea, nao watakuwa wamesema kweli. Kosa limo katika ule muda ulio kati ya kuonja na kutia.

Basi mimi nililipa kila dirisha uzi wake. Agizo la kuuza daftari lilikuwa hivi: soma hesabu ya daftari zilizobaki, tazama akaunti ya mwanafunzi na kukata bei, piga chapa risiti, kisha andika hesabu mpya, yaani ile uliyoisoma toa moja. Kupiga chapa risiti kulichukua kama sekunde moja au mbili, maana mashine yetu ya risiti ni kuukuu. Niliipima programu jioni mbili, nikiwa peke yangu, nikauza daftari 200 za uwongo. Hesabu ilikuwa sawa hata ya mwisho. Nikafunga mlango nikaenda kulala kwa furaha.

Msomaji hodari amekwisha liona shimo. Saa ya mapumziko madirisha yote mawili yana watu. Uzi wa kushoto husoma kwamba zimebaki daftari 60. Wakati risiti yake inapigwa chapa, uzi wa kulia nao husoma 60. Wa kushoto huandika 59. Wa kulia naye huandika 59. Daftari mbili zimetoka dirishani, na hesabu imepungua moja. Hakuna ujumbe wa kosa, wala taa nyekundu, wala mlio. Kompyuta hufurahi kama mimi nilivyofurahi.

Katikati ya muhula kamati ya duka ilihesabu mali. Kompyuta ilisema ziko daftari 214. Rafuni zilikuwapo 197. Zimepungua 17. Sabuni zilipungua 9. Kamati ikaketi, na aliyeitwa wa kwanza ni kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa mshika funguo. Akaulizwa daftari zimekwenda wapi, akajibu hajui. Kisha nikaulizwa mimi kama yawezekana programu imekosea. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye elimu: “Kompyuta haidanganyi, Mwalimu. Nimeipima mara 200.” Yule kijana akanitazama, akasema polepole, “Kaka, mimi sikuchukua hata kalamu.” Akaweka funguo mezani.

Sitaeleza sana yaliyofuata. Baba yake aliitwa, akaja kwa basi, akalipa. Wanafunzi wakampa kijana yule jina la panya, na jina hilo likamfuata bwenini na uwanjani hata muhula ukafungwa. Nami nilipokutana naye njiani nilimwona kama mtu niliyemhurumia, si kama mtu niliyemdhulumu.

Wakati wa likizo mhasibu alinitaka nitengeneze taarifa ya akaunti zote. Sasa, akaunti ya mwanafunzi haiguswi na nyuzi mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa mwanafunzi mmoja hawezi kusimama katika madirisha mawili. Kwa hiyo akaunti zilikuwa safi, ijapokuwa sikuwa nimelifikiria jambo hilo. Nikajumlisha daftari zote zilizokatwa katika akaunti, nikazilinganisha na hesabu ya ghala. Akaunti zilionyesha kwamba zimeuzwa daftari 17 zaidi. Nikajumlisha tena. Nikajumlisha mara ya tatu, na safari hii sabuni pia: 9. Mama aliniita kula, nikamwambia sina njaa.

Shule ilipofunguliwa nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu siku ya kwanza, kabla hata sijaweka sanduku langu bwenini. Baba wa kijana alirudishiwa fedha yake, na mimi nikasema kosa langu mbele ya shule nzima katika paredi. Hayo mmeyaona wenyewe. Nisiyopata nafasi ya kuyasema siku ile ni habari ya namna nilivyojaribu kulitengeneza kosa, maana nililitengeneza vibaya mara tatu kabla ya kulitengeneza vizuri, na katika hizo mara tatu ndimo nilimojifunza.

Kwanza niliandika programu ya kujaribia: nyuzi mbili, kila moja iuze daftari 100,000 upesi kadiri iwezavyo, kutoka ghala lenye 200,000. Mwisho wake ghala lapaswa kuwa tupu. Halikuwa tupu. Zilibaki maelfu, na kila nilipoirudia yalibaki maelfu mengine. Hilo lenyewe ni jambo la kushangaza kwa mtu aliyezoea hesabu: swali moja, kompyuta moja, na majibu mbalimbali.

Nilikuwa nimeweka hesabu za ghala katika muundo wa data wa lugha ya Java uitwao HashMap, ambao ni kama kamusi: unatafuta neno “daftari,” unapata namba. Vitabu vinaonya kwamba muundo huo si salama kwa nyuzi nyingi. Nikasoma kwamba tangu mwaka 2004 Java inao mwingine, ConcurrentHashMap, uliokuja pamoja na vyombo vya kazi hii vilivyotengenezwa na kundi lililoongozwa na Doug Lea, Mmarekani. Huo ni salama. Nyuzi nyingi zaweza kuusoma na kuuandika bila kuuharibu. Nikauweka mahali pa ule wa kwanza, nikajaribu. Bado daftari zilibaki.

Hapa nilikaa siku mbili nikilaumu vitabu, na nawaomba wenzangu wa Chama wapasome mahali hapa mara mbili. Muundo ulio salama kwa nyuzi huahidi kwamba kila tendo moja utakaloliomba litafanyika zima, halitakatwa katikati. Mimi nilikuwa naomba matendo mawili: nipe namba, kisha baadaye, weka namba. Kila moja lilifanyika zima. Lakini kati yao nilikuwa nimetoka nje. Ni kama mtu aliyenunua sanduku la chuma lenye kufuli imara, kisha kila asubuhi anatoa fedha zote, anazihesabia chini ya mwembe, na kuzirudisha. Sanduku halina hatia. Dawa yake ni kuliomba sanduku lenyewe lihesabu, kwa tendo moja: punguza moja, uniambie zilizobaki. Muundo ule unayo matendo ya namna hiyo. Mimi sikuyatumia kwa sababu sikuyatafuta.

Mara ya pili nikaweka kufuli. Kufuli katika programu ni kitu ambacho uzi mmoja tu waweza kukishika. Mwingine akija hungoja mlangoni. Fikira hii si ngeni. Mwaka 1965 Mholanzi mmoja, Edsger Dijkstra, alieleza kwa ukurasa mmoja tu wa gazeti la wataalamu jinsi kompyuta nyingi zinavyoweza kupokezana mahali ambapo mmoja tu ndiye aruhusiwaye kuingia. Alieleza pia chombo alichokiita semafo, jina la ule mkono wa reli unaoamrisha garimoshi lisimame au lipite. Mimi nikaweka kufuli kabla ya kusoma hesabu na nikalifungua baada ya kuandika. Hesabu ikawa sawa. Lakini risiti ilikuwa ikipigwa chapa ndani ya kufuli, basi dirisha moja lilipouza jingine lilisimama, na foleni ikarudi kuwa ile ile ya siku za kitabu kikubwa. Kidato cha kwanza wakaniuliza kompyuta ni ya nini.

Mara ya tatu nikataka kuwa mjanja, nikatumia makufuli mawili madogo, moja la akaunti na moja la ghala. Uuzaji ulishika la akaunti kwanza, kisha la ghala. Kurudisha bidhaa, ambako nilikuandika siku nyingine nikiwa nimechoka, kulishika la ghala kwanza, kisha la akaunti. Jumatano moja mwanafunzi alirudisha sabuni ambayo haikuwa aina aliyotaka, na wakati ule ule mwenziwe akanunua daftari kwenye dirisha la pili. Kila uzi ulishika kufuli moja ukangoja la mwenziwe, kama malori mawili yaliyokutana juu ya daraja jembamba na hakuna dereva akubaliye kurudi nyuma. Duka zima likaganda. Yangaliganda hata leo kama nisingeizima kompyuta.

Sasa duka lina mpango mwingine, nao ndio ninaoupendelea kuliko yote. Uzi mmoja tu ndio mtunza ghala. Hakuna mwingine aigusaye hesabu. Nyuzi za madirisha huandika maombi yao katika foleni ya Java iliyo salama kwa nyuzi, na mtunza ghala huyachukua moja moja, kwa zamu, hufanya kazi, hurudisha jibu. Risiti hupigwa chapa nje, kwa nafasi yake. Kumbe ndivyo ghala la jiko letu lilivyokuwa likiendeshwa miaka yote! Wapishi ni wengi, lakini mwenye kuingia ghalani ni mmoja, na wengine huomba dirishani. Kwa hiyo ile methali niliyoanza nayo naiona sasa kwa namna nyingine kidogo. Manahodha si wengi mno. Kilichokosekana ni usukani kuwa na mwenyewe.

Baada ya hayo nilianza kusoma kama kuna wengine waliopata kufanya kosa kama langu. Nilidhani nitakuta habari za wanafunzi. Nilikuta habari za wagonjwa.

Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine ya kutibu saratani kwa miali iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada, iliwapiga wagonjwa 6 katika Marekani na Kanada kwa kipimo kikubwa mno cha miali. Wasiopungua 3 kati yao walikufa kwa sababu hiyo. Mashine iliyotangulia, Therac-20, ilikuwa na vizuizi vya umeme na vyuma ambavyo vilizuia miali mikali isitoke vibaya. Katika Therac-25 sehemu kubwa ya ulinzi huo iliachiwa programu, na programu yenyewe iliandikwa na mtu mmoja. Ndani yake zilikuwamo kazi kadhaa zilizokwenda pamoja, zikisoma na kuandika katika kumbukumbu moja pasipo kungojana. Ni duka langu lile lile, ila badala ya daftari kulikuwa na miili ya watu.

Mwezi wa Machi 1986, katika mji wa Tyler, Texas, mwendeshaji wa mashine aliandika herufi ya eksirei mahali pa herufi ya elektroni. Akaliona kosa lake, akarudi juu, akalisahihisha upesi, kwa kuwa alikuwa hodari wa kupiga chapa. Lakini kupanga sumaku za mashine kulichukua kama sekunde 8, na kazi hiyo ilikuwa imekwisha anza kwa maneno ya kwanza wala haikutazama tena. Skrini ilionyesha herufi sahihi. Mashine yenyewe ikawa imepangwa nusu hivi, nusu vile. Ilipowashwa ikasimama na kutaja kosa namba 54, ambalo kitabu cha mwendeshaji hakikulieleza, na ikadai kwamba mgonjwa amepata miali michache kuliko alivyoandikiwa. Mwendeshaji akabonyeza kitufe cha kuendelea, kama ilivyokuwa desturi. Mgonjwa alikuwa ameandikiwa vipimo 180. Ilikadiriwa baadaye kwamba alipata kati ya 16,500 na 25,000, kwa muda usiofika sekunde moja. Akafa baada ya miezi 5. Mwezi wa Aprili jambo lile lile likampata mgonjwa mwingine, hospitali ile ile. Ndipo mtaalamu wa fizikia wa hospitali na yule mwendeshaji wakaketi mbele ya mashine, wakaandika na kusahihisha, wakaandika na kusahihisha, hata wakajua kuileta namba 54 kila walipotaka. Siri ilikuwa upesi wa vidole. Aliyesahihisha polepole hakuliona kosa hilo kamwe.

Ajali ya mwisho, mwezi wa Januari 1987 huko Yakima katika jimbo la Washington, ilitokana na namba iliyowekwa katika baiti moja. Baiti hufika 255 kisha hurudi sifuri, kama mita ya gari kuukuu. Namba hiyo ilikuwa ikiongezwa tena na tena wakati wa matayarisho, na ikiwa sifuri programu ilielewa kwamba hakuna haja ya kukagua. Mara moja katika kila mara 256 ilikuwa sifuri. Mwendeshaji akibonyeza kitufe wakati huo huo, ukaguzi ulirukwa.

Habari hizi zilichunguzwa na Nancy Leveson na Clark Turner, wakaziandika mwaka 1993, na ye yote apataye nafasi na azisome. Lakini kilichonichoma mimi si baiti. Mgonjwa wa kwanza, katika jimbo la Georgia mwaka 1985, alisema pale pale kwamba mashine imemuunguza. Akajibiwa kwamba jambo hilo haliwezekani. Hospitali zilipouliza, kampuni ilijibu kwamba mashine haiwezi kupiga kipimo cha kupita kiasi. Soma maneno hayo, kisha soma yale niliyosema mimi mbele ya kamati. Yametofautiana lugha tu.

Na kosa lile la Tyler lilikuwamo pia katika mashine ya zamani, Therac-20, kwa miaka mingi. Katika Chuo Kikuu cha Chicago walikuwa wameona kwamba kila kundi jipya la wanafunzi linapoanza kuitumia Therac-20, fyuzi hukatika mara kwa mara, kisha baada ya majuma machache hutulia. Wanafunzi wale hawakuwa na mazoea. Walibonyeza vitufe ovyo, na hivyo wakaifikia njia ambayo waliozoea hawakuipita. Vizuizi vya umeme vikazuia, fyuzi zikakatika, na hakuna aliyeumia. Napenda sana kwamba walioonyesha kosa, ijapokuwa hawakujua, ni wanafunzi wasiojua kazi.

Nitataja jingine moja kwa ufupi. Tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulikatika kwa watu kama milioni 50 katika Marekani na Kanada. Mwanzo wake ulikuwa nyaya zilizogusa miti katika Ohio, lakini waangalizi wa umeme huko hawakupata habari, kwa sababu programu ya kupiga kengele ilikuwa imekufa kimya zaidi ya saa moja: kazi mbili ndani yake ziliandika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Watu wa makampuni jirani walipiga simu kuwaambia kwamba nyaya zao zina matatizo. Waangalizi wakatazama skrini, wakaona shwari, wakaiamini skrini. Watengenezaji walisema baadaye kwamba programu hiyo ilikuwa imefanya kazi zaidi ya saa 3,000,000 mahali mbalimbali bila kosa hilo kuonekana.

Saa milioni tatu! Nami nilijivunia mara 200.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na najua baadhi ya wenzangu wa Chama hawayapendi. Programu ya nyuzi nyingi haithibitiki kwa kuijaribu tu. Majaribio yaweza kuonyesha kwamba kosa lipo. Ukimya wao hauonyeshi kwamba halipo, kwa kuwa kosa la namna hii hungoja watu wawili wakutane katika sekunde fulani, na mpimaji huwa mmoja, jioni, chumba kimetulia. Usalama hutengenezwa tangu mwanzo, kwa kuuliza juu ya kila kitu kinachoguswa na wengi: mwenyewe ni nani, na mwingine akikitaka hupitia mlango gani. Asiyeweza kujibu swali hilo kwa kalamu na karatasi, programu yake isiguse mali ya mtu, hata ikiwa nzuri namna gani machoni.

Rafiki yangu mmoja, ambaye kwa hesabu ni hodari kunishinda, amenijibu kwamba dawa ni kuziacha nyuzi kabisa, tuandike programu za uzi mmoja kama zamani. Ningalimkubalia kama jambo hilo lingekuwa mikononi mwetu. Zamani kompyuta ziliongezeka mbio kila mwaka. Tangu kama mwaka 2005 watengenezaji, badala ya kuzidisha mbio ya prosesa moja, huweka prosesa kadhaa ndani ya kipande kimoja. Hata simu za bei nafuu zinazouzwa mjini kwetu huwa nazo nne au nane. Tena programu nyingi za kuhudumia watu kwa mtandao humpa kila mteja uzi wake, mwandishi atake asitake. Kijana aweza kuandika programu nzima bila kuandika neno uzi hata mara moja, kumbe anazo hamsini. Heri ajue.

Wengine wanasema nawatisha wadogo. Labda. Lakini mambo haya hayahitaji hesabu ngumu. Nimemweleza ndugu yangu wa darasa la sita kwa mfano wa wapishi, akaniuliza kwa nini mpishi wa kwanza hakumwambia mwenziwe kwamba anakwenda kuleta chumvi. Hilo ndilo swali alilolijibu Dijkstra. Sioni kwa nini lisubiri chuo kikuu.

Nimepeleka maombi mawili kwa kamati ya duka. La kwanza, mwanafunzi ye yote asihukumiwe tena kwa hesabu ya programu moja, bila hesabu ya pili iliyotoka njia nyingine kulinganishwa nayo. Akaunti zilikuwapo tangu siku ile ya kwanza, na kuzijumlisha kungechukua nusu saa. La pili, Chama kisipokee programu ya mali ya watu mpaka mwandishi alete ile karatasi ya wenye mali na milango yao, na mwenziwe aisome. Kamati itaketi Ijumaa ya tarehe 14.

Yule kijana hakurudi dukani. Nilimfuata bwenini kumwomba, akanikaribisha kitandani pake, akanisikiliza mpaka mwisho nilipomweleza habari ya nyuzi mbili na ile namba 60. Akafikiri kidogo. Kisha akaniuliza, “Kaka, na ile programu yenu ya kuhesabu kura za viranja, nayo ina nyuzi?”

Niliifungua usiku ule ule. Inazo nne, na hesabu ya kila mgombea husomwa, huongezwa moja, huandikwa. Nimemwarifu Mwalimu wa Chama. Uchaguzi ujao ni muhula wa tatu, nasi tumekwisha omba karatasi na masanduku.